Matembezi ya ufuoni ni dawa, lakini yana kipimo chake

Jumatatu moja asubuhi mzee mmoja aliingia katika chumba changu cha matibabu mjini Mombasa akichechemea, viatu vyake amevishika mkononi. Miguu yote miwili ilikuwa imefungwa vitambaa. Nilipovifungua niliona malengelenge makubwa kwenye nyayo, mengine yamekwisha kupasuka. Nilimwuliza amekanyaga nini. Akanijibu kwa upole: "Bwana daktari, mimi nimefuata maagizo yako. Uliniambia nitembee."

Ilikuwa kweli. Wiki tatu kabla ya siku hiyo nilikuwa nimempima na kukuta shinikizo la damu lake ni 160 kwa 95. Ugonjwa wa kisukari alikuwa nao kwa zaidi ya miaka 10, na kazi yake ilikuwa ya kuketi mezani kutwa. Nilimwandikia dawa, na nilipokuwa nikimpa ile karatasi nikaongeza: "Na utembee, mzee wangu. Siku ya mapumziko usikae ndani. Nenda Nyali, ufuo ni mzuri." Sikusema zaidi ya hayo.

Jumapili, baada ya chakula cha mchana, mzee akaenda Nyali. Akavua viatu na kutembea juu ya mchanga mkavu kwa muda wa saa nzima. Ulikuwa mwezi wa Februari, jua la kaskazi likiwaka. Mtu mwingine angeruka baada ya hatua tatu. Yeye hakuhisi chochote, kwa sababu kisukari kilikuwa kimekwisha kuharibu mishipa ya fahamu ya miguu yake. Hakuwa na habari, nami sikuwa nimempima miguu. "Nilifurahi sana, daktari," aliniambia. "Palikuwa kimya, upepo unavuma, nikasahau mambo yote."

Tangu siku hiyo, kila ninapomshauri mgonjwa atembee, humweleza pia mahali, saa na viatu. Hakuna daktari anayempa mtu chupa ya dawa bila kumwambia vijiko vingapi na mara ngapi kwa siku. Matembezi ni dawa kama hiyo. Katika makala haya nitaeleza inavyofanya kazi mwilini na namna ya kuitumia bila kujidhuru.

Faida kwa moyo na damu

Mwaka 1953 daktari wa Uingereza, Jerry Morris, pamoja na wenzake walichapisha uchunguzi waliowafanyia wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa mjini London. Madereva walikaa kitini siku nzima. Makondakta walipanda na kushuka ngazi za basi kutoa tiketi. Watu hawa walifanya kazi katika basi moja na mji mmoja, lakini makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva. Huo ulikuwa miongoni mwa ushahidi wa kwanza wa kitaalamu kwamba kukaa kitako kunadhuru moyo. Morris mwenyewe aliendelea kufanya mazoezi hadi uzeeni, na alifariki mwaka 2009 akiwa na umri wa miaka 99.

Msomaji anayefanya kazi ofisini, dukani au nyuma ya usukani wa matatu yuko katika hali ya yule dereva wa London. Anapotembea kwa bidii, moyo hupiga kwa kasi zaidi, na mishipa ya damu hupanuka ili kupitisha damu nyingi. Akirudia zoezi hilo wiki baada ya wiki, mishipa huzoea kulegea, na moyo hausukumi tena kwa nguvu nyingi kama zamani. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa shinikizo la damu, mazoezi ya kawaida ya namna hii huweza kushusha ile namba ya juu kwa takriban 5 hadi 8. Hiyo haitoshi kuacha vidonge, lakini ni msaada mkubwa kwa vidonge hivyo.

Kwa mwenye kisukari faida ni ya haraka zaidi. Msuli unaofanya kazi huchota sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini inapokuwa chache au haifanyi kazi vyema. Manufaa hayo huendelea kwa saa 24 au zaidi baada ya mtu kurudi nyumbani.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Wengi husikia namba hiyo na kukata tamaa. Wanasema wanatoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku, watapata wapi nafasi? Kwao ninayo habari njema. Tafiti za miaka ya karibuni zimeonyesha kwamba mtu anayekusanya dakika 150 katika siku moja au mbili za wiki hupata sehemu kubwa ya faida anayoipata yule anayezigawa katika siku zote. Kwa hivyo siku ya mapumziko si ndogo. Ikitumiwa vizuri yaweza kubeba mzigo mkubwa wa wiki nzima.

Kwa nini ufuoni?

Kuna sababu tatu. Ya kwanza ni mchanga wenyewe. Mwaka 1998 watafiti wa Ubelgiji walipima nguvu anazotumia mtu akitembea juu ya mchanga, wakaona kwamba ni zaidi ya maradufu ya zile anazotumia akitembea kwa mwendo uleule juu ya sakafu ngumu. Mguu huzama, mchanga husogea, na misuli ya kisigino na ya nyuma ya mguu hulazimika kufanya kazi zaidi. Hii ina maana kwamba nusu saa kwenye mchanga mkavu ni zoezi kubwa. Ina maana vilevile kwamba mgonjwa wa moyo au mtu mnene ambaye hajazoea asianzie hapo. Aanzie kwenye mchanga mbichi ulio karibu na maji, ambao ni mgumu, tambarare na haushiki joto.

Sababu ya pili ni kwamba ufuo hauna malipo. Kifungu cha 62 cha Katiba ya mwaka 2010 kinaitaja ardhi yote iliyo baina ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Wengi wetu huona haya kupita mbele ya hoteli kubwa, kana kwamba tumeingia uani kwa mtu. Hatujaingia. Ukishafika chini kwa njia ya umma, kama ile ya ufuo wa Jomo Kenyatta kule Bamburi, ambako wengi hukuita Pirates, unayo haki ya kutembea kama mgeni aliyelipia chumba.

Sababu ya tatu ni utulivu. Mgonjwa mwenye mawazo mengi huniambia kwamba kichwa chake hakipumziki hata akilala. Wasiwasi wa siku nyingi huufanya mwili uwe kama askari anayengojea vita: moyo huenda mbio, misuli hukaza, na usingizi hukimbia. Kutembea kwa mwendo mmoja huku pumzi ikienda sawasawa huupa mwili ishara kwamba hatari imepita. Ufuo wa asubuhi, kabla ya watu kujaa, husaidia zaidi kwa sababu macho yanaona mbali na masikio hayasumbuliwi na honi wala redio. Lakini utulivu huo hauji ikiwa umeweka simu sikioni. Iweke mfukoni, iwe ya dharura tu. Siku moja katika wiki wadeni na wakubwa wa kazi wanaweza kungoja saa moja.

Msomaji wa Nairobi, Nakuru au Eldoret asidhani makala haya hayamhusu. Anaposhuka pwani kwa likizo atakuwa na ufuo mbele yake, na kosa la kawaida ni kula na kulala siku nne, kisha siku ya tano kutembea kilomita 10 kwa mpigo. Aanze kidogo kidogo tangu siku ya kwanza. Akirudi nyumbani, aendelee katika msitu wa Karura au mahali popote penye miti na kimya.

Saa ya kwenda: jua na maji

Mombasa iko takriban digrii nne kusini mwa ikweta. Miale ya jua hapa ni mikali mwaka mzima, na upepo wa bahari hudanganya kwa kuipoza ngozi huku ikiendelea kuungua. Saa nzuri ni kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi jioni. Wakati wa adhuhuri waachie samaki. Vaa kofia yenye ukingo mpana na nguo nyepesi yenye mikono mirefu. Mtu mwenye ualbino azingatie jambo hili kuliko wote, na ajipake mafuta ya kuzuia jua kila mara, hata siku yenye mawingu.

Jambo la pili ni maji. Wahenga wetu walisema maji yakijaa hupwa, na mtembezi wa ufuoni anapaswa kukumbuka kwamba yakipwa hujaa. Katika pwani yetu bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa hadi kupwa ni kama saa sita. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Ukijua leo maji yamekupwa kabisa saa tatu asubuhi, kesho tazamia kama saa nne kasorobo.

Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti baina ya maji ya juu na ya chini huweza kukaribia meta nne. Ufuo ulioonekana mpana kama uwanja wa mpira huweza kutoweka wote. Kila mara wako watu wanaofuata maji hadi karibu na mwamba, wakiokota kombe na kupiga picha, bila kujua kwamba maji yanaporudi hujaza kwanza vijito vilivyo nyuma yao. Kwa hivyo anza matembezi maji yakiwa yanaendelea kupwa, na ukiona yamegeuka, nawe geuka. Mahali penye majabali ya matumbawe usipite chini yake maji yakiwa yanajaa. Kama huna ratiba ya maji, mwulize mvuvi yeyote.

Upepo nao una hesabu yake. Anza kwa kwenda ukiukabili ungali na nguvu, ili wakati wa kurudi, ukiwa umechoka, ukusukume mgongoni.

Miguu yako

Hapa ndipo mzee wangu alipoumia, na hapa nitakaa kidogo.

Mtu mwenye miguu mizima, asiye na kisukari, anaweza kutembea peku juu ya mchanga mbichi na safi. Hata hivyo aangalie anapokanyaga. Mchanga mkavu wa sehemu za juu, ambako mbwa na paka hujisaidia, huweza kuwa na viluwiluwi vya minyoo ya wanyama hao. Viluwiluwi hao hupenya kwenye ngozi na kutambaa chini yake, na kuacha mstari mwekundu uliopindapinda na mwasho usiomwacha mtu alale. Ukiona mstari wa namna hiyo, usijikune wala kujichoma na moto. Nenda kwa daktari, dawa yake ipo na hufanya kazi vizuri.

Penye majani ya bahari na mawe, hasa maji yanapokupwa, kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi kama nungunungu. Ukichomwa, toka majini, ondoa taratibu miiba inayoonekana, kisha loweka mguu katika maji ya moto unayoweza kuyavumilia, yasizidi nyuzi 45 za Selsiasi, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Joto hilo hupunguza maumivu. Usiupondeponde mwiba kwa jiwe. Vijana wa ufuoni hupaka utomvu wa papai bichi. Huo hauchukui nafasi ya kusafisha jeraha na kudungwa sindano ya pepopunda. Mwiba ulioingia kwenye kiungo ni kazi ya hospitali.

Sasa namzungumzia mwenye kisukari. Wewe usitembee peku ufuoni hata hatua moja, hata kama unaamini miguu yako ni mizima. Ganzi ya kisukari huingia polepole kiasi kwamba mwenyewe hajui anachokosa. Champali hazitoshi, kwa sababu mchanga na vipande vya kombe huingia na kukwaruza. Vaa raba zilizofungwa, zenye nafasi ya vidole, pamoja na soksi. Kabla ya kuvaa, kung'uta kiatu na kupapasa ndani kwa mkono. Ukirudi, osha miguu, kausha katikati ya vidole na uzikague nyayo. Kama huwezi kuinama, tumia kioo au mwombe mtu wa nyumbani akuangalilie. Ukichomwa na mwiba, maji ya kulowekea yapimwe na mtu mwingine kwa kiwiko chake. Usiyapime kwa mguu wako.

Tena, mwombe daktari akupime miguu angalau mara moja kwa mwaka. Kipimo chenyewe ni uzi mgumu wa plastiki unaogusishwa kwenye wayo huku umefumba macho, nawe unasema umehisi au hukuhisi. Huchukua dakika chache tu. Dakika hizo mimi sikuzitumia.

Maji ya kunywa na dawa

Kunywa maji kabla ya kutoka na ubebe chupa. Anayetumia vidonge vya kukojoza kwa ajili ya presha hupoteza maji haraka, na akisimama ghafla kwenye joto huweza kupatwa na kizunguzungu. Dafu ni kinywaji kizuri kwa wengi wetu, lakini lina madini mengi ya potasiamu. Mtu ambaye figo zake zimedhoofika aliache hadi azungumze na daktari wake.

Anayejidunga insulini, au anayemeza vidonge kama glibenklamaidi, asitembee na njaa. Abebe sukari, vijiko vitatu au vinne vya chai katika kipande cha karatasi, au chupa ndogo ya soda yenye sukari ya kawaida. Akianza kutetemeka, kutokwa na jasho baridi au kuchanganyikiwa, ainywe au kuila papo hapo na kukaa chini. Ni vizuri pia atembee na mwenzake anayejua hali yake.

Kuna dalili ambazo hazingoji. Maumivu au uzito kifuani, hasa yanayopanda shingoni, kwenye taya au kushuka mkono wa kushoto. Pumzi kukatika kupita kiasi. Moyo kupiga ovyo. Au kutaka kuzirai. Ukipatwa na mojawapo simama, kaa kivulini, na uitishe msaada wa kufikishwa hospitali. Usijiambie kwamba ni gesi.

Kipimo kwa anayeanza

Wiki mbili za kwanza tembea dakika 20 kwenye mchanga mbichi. Kila wiki ongeza dakika tano hadi kumi mpaka ufikie saa moja au zaidi. Mwendo unaofaa ni ule unaokuwezesha kuzungumza lakini si kuimba. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo. Ukishindwa hata kuzungumza, punguza. Mwenda pole hajikwai.

Ufuo mwingi umeinama kuelekea baharini, kwa hivyo mguu mmoja huwa chini kuliko mwingine. Rudi kwa njia ileile uliyoendea ili mzigo wa magoti na nyonga ugawanyike sawa. Pita mahali ambapo watu wengine wanaonekana, na saa au cheni ya thamani uiache nyumbani. Huhitaji nguo za michezo. Nawaona akina mama wakitembea na mabuibui yao alfajiri kule Nyali, na mioyo yao inafaidika sawa na ya mwenye kaptura.

Ikiwa umepita umri wa miaka 40 na hujawahi kupimwa, pima shinikizo la damu na sukari kabla ya kuanza. Namba ya 140 kwa 90 au zaidi, ikirudiwa siku nyingine na kuonekana tena, ni ugonjwa hata kama huumwi mahali popote.

Yule mzee alitibiwa kwa miezi mitatu. Mguu wa kushoto ulipona. Wa kulia ulipata jeraha lililokataa kufunga, na mwishowe kidole kidogo kikakatwa. Nilidhani hatataka tena kusikia habari ya bahari. Siku ya mwisho ya kufungwa jeraha ndiye aliyeniuliza, "Daktari, sasa naweza kurudi Nyali?" Nikampima miguu, nikamchagulia viatu, nikamwandikia saa na dakika kwenye karatasi kama ninavyoandika dawa nyingine. Siku hizi huenda kila Jumapili saa kumi na mbili unusu asubuhi pamoja na mkewe, raba miguuni, chupa ya maji mkononi. Mara ya mwisho nilipompima, shinikizo lake lilikuwa 134 kwa 82.